Ongeza Inchi, Jenga Nchi

Hebu nikuulize wewe unayenisikiliza: umewahi kupimwa afya kwa utepe wa fundi cherehani? Kama hujawahi, basi nchi yenu bado iko nyuma, na usione haya, hata sisi tulitokea huko huko. Zamani kwetu afya ilipimwa kwa mambo ya kujificha. Tone la damu kwenye kioo. Mkojo kwenye kichupa. Mtu anakufunga kitambaa mkononi, anakijaza upepo mpaka vidole vinakufa ganzi, halafu majibu anayajua yeye, wewe mwenye mkono huoni kitu. Serikali yetu ikaona hiyo si haki.

Mambo yalianzia msibani. Waziri wetu wa Afya, Mheshimiwa Sifuni Mapana, alikuwa amekwenda ng'ambo kwa semina ya wiki mbili, akakaa miaka mitatu. Aliporudi tu akaenda kijijini kwao kuzika. Pale kwenye gari lilitoka kwanza tumbo, ikafuata tai, mwisho akatoka yeye. Shangazi yake alikuwa ameketi mkekani anachambua mchele wa matanga. Akaweka ungo chini, akasahau hata kulia, akasema:

“Jamani, Sifuni! Umepata afya!”

Si unajua tunavyosema. Mtu akinenepa hatumwambii umenenepa, tutamvunjia heshima. Tunamwambia ana afya. Ni adabu tu. Lakini Mheshimiwa hakulichukua kama adabu. Wanasema alisimama pale mkono mmoja umeshika mlango wa gari, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Miaka yote Wizara yake ilikuwa inaandikiwa barua kwamba dawa hakuna, vitanda hakuna, wauguzi hawatoshi, afya ya wananchi imeshuka. Naye angeipandishaje afya wakati hajui iko wapi? Kumbe iko kiunoni.

Jumatatu saa saba mchana, baada ya taarifa ya habari, akazungumza redioni.

“Ndugu wananchi! Miaka arobaini tumeitafuta afya kwenye chupa na kwenye sindano. Tumepotezewa muda! Afya inaonekana kwa macho! Afya inashikika! Hata asiyeona, ukimkumbatia, anajua kama unayo! Kuanzia leo kila raia ataongeza inchi mbili za kiuno kila baada ya miezi mitatu. Ongeza inchi, jenga nchi!”

Mwandishi mmoja alisikika akiuliza kama madaktari wamekubali. Akajibiwa kwamba madaktari wote wamepimwa na wamekutwa wembamba, kwa hiyo hawana afya ya kutosha kutoa maoni.

Wiki hiyo hiyo wakapita nyumba kwa nyumba kukusanya tepe za mafundi cherehani, maana Wizara haikuwa na vipimo. Mimi nami ni fundi, na wangu waliniachia mwenyewe. Ulikuwa umefutika namba kuanzia moja hadi sita, lakini wakasema haina neno, hakuna raia anayeanzia huko. Wakaniandika kwenye daftari lao: fundi anayetambulika, mtaa wa Mkunguni, utepe mmoja, njano.

*

Sasa, afya inapatikana wapi? Wataalamu wa Wizara, wale waliokuwa wameshanenepa, wakafanya uchunguzi. Wakagundua kwamba watu wenye afya wanapatikana zaidi karibu na mabanda ya chipsi. Basi hakukuwa na haja ya kuhangaika. Dispensari yetu ya mtaa ikafungwa siku tatu kwa ukarabati, na ilipofunguliwa kilikuwa ni Kituo cha Afya kweli kweli, kina karai.

Nilikwenda siku ya kwanza. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Kwenye boksi la baridi la chanjo kulikuwa na viazi vilivyomenywa, vinaelea. Kwenye kitanda cha kuzalishia walipanga trei za mayai, arobaini na mbili, nilizihesabu wakati nasubiri. Chupa ya soda ilining'inizwa kichwa chini pale inaponing'inizwa dripu. Na muuguzi wetu Sista Tulibako, aliyewapokea wajukuu zangu wote kwa mikono yake, alikuwa amevaa gauni lake jeupe na kofia, anakoroga karai kwa mwiko mrefu. Sosi ya tomato alikuwa anaikamua kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe.

“Karibu, Bibi. Tatizo nini?”

“Mgongo, Sista.”

Akanitazama. Akatazama ukutani, pale penye picha ya Waziri. Akaandika kwenye cheti: Zege, moja kutwa mara tatu, baada ya chakula. Zege si unalijua? Chipsi zilizomwagiwa mayai zikaganda pamoja. Jina zuri, maana likishaingia tumboni linatulia kama msingi wa nyumba.

“Na maji?” nikauliza.

“Maji hayana inchi, Bibi.”

Mafuta ya karai lile yalikuwa meusi, yananong'ona. Nilimuuliza yana muda gani. Akasema anayaheshimu, yalimtangulia kazini. Yamehamishwa kutoka banda la chipsi la zamani pamoja na miaka yao yote ya utumishi, na sasa yamepewa namba ya mtumishi. Kachumbari ilikuwa imepigwa marufuku kwa waraka, kwa sababu bakuli zima lilipimwa likakutwa halina hata robo inchi. Na majani yote ya kijani, mchicha, matembele, kisamvu, yakahamishiwa Wizara ya Mifugo. Nilikuwa na matuta yangu mawili ya mchicha nyuma ya choo. Akaja afisa na bahasha, akauandikia mchicha wangu barua ya uhamisho, akaung'oa. Nikamshukuru. Ungefanyaje?

*

Mwanangu Kizito alikuwa karani wa masjala huko huko Wizarani. Jina lile alipewa na padri kwa heshima ya mtakatifu, wala hakuna aliyekuwa anatabiri kitu. Mtoto mwembamba, mpole, mtu wa kuketi kwenye ngazi na kitabu. Alioa mwalimu, mkewe akahamishiwa mpakani na watoto, yeye akabaki nami.

Wizarani vyeo vilianza kutolewa kwa utepe. Karani wa daraja la tatu, inchi thelathini na sita. Daraja la pili, arobaini na mbili. Saa nne asubuhi kengele inagongwa, wote wanakwenda kula mbele ya msimamizi, na sahani inageuzwa juu chini kuonyesha kwamba imeisha. Saa saba tena. Saa tisa tena. Asiyemaliza anaandika maelezo.

Mimi ndiye niliyekuwa naongeza suruali zake. Mwezi wa kwanza nikafungua pindo la nyuma. Mwezi wa tatu nikaweka kipande cha pembetatu, kitambaa cha rangi inayokaribiana. Mwezi wa tano hakuna pindo lililobaki, nikaunganisha suruali mbili. Majirani wakawa wananisimamisha njiani.

“Mama Kizito! Mwanao ana afya, jamani! Unampa nini?”

“Ni serikali,” nasema, na siwezi kukudanganya, nilikuwa natembea nimenyoosha shingo.

Kizito akapanda mpaka daraja la kwanza. Picha yake ikabandikwa kwenye korido chini ya maneno MFANO WA KUIGWA. Akawa anarudi nyumbani anakaa kwenye ngazi ya kwanza, anahema, halafu ya pili, anahema. Anakunywa jagi zima la maji bila kushusha pumzi. Kidole gumba cha mguu kilijikwaa mwezi wa sita, na mwezi wa tisa kidonda bado kilikuwa kibichi. Na chooni, samahani kwa kukitaja, alikokojoa yeye sisimizi walijipanga mstari kutoka uwani mpaka mlangoni, wanakwenda na kurudi kama wana karamu.

“Vipi, mwanangu?”

“Niko poa, Mama.”

Mtu akishakwambia yuko poa, basi. Nikarudi kwenye cherehani.

Siku moja asubuhi na mapema, yeye bado amelala, nikamfuata Sista Tulibako, nikamweleza yote, sisimizi, kidole, maji, ngazi. Mwiko ukasimama kwenye karai.

“Bibi, huo ni ugonjwa. Unaitwa…” Mlangoni alikuwa ameingia mkaguzi na utepe shingoni. Sista akaanza tena kukoroga. “Unaitwa afya, Bibi. Ni afya nyingi.” Na alipokuwa ananifungia zege langu kwenye gazeti akainama karibu, jasho la mafuta linamtoka kwenye paji. “Mpeleke Hospitali Kuu. Leo, si kesho. Kama mlango utamkubali.”

*

Mlango wa Hospitali Kuu ni kitu cha kutembelewa na watalii. Zamani palikuwa na madaktari wa kuchagua nani mgonjwa nani si mgonjwa, na watu wakawa wanalalamika kuna upendeleo. Serikali ikaondoa madaktari pale mbele ikajenga mlango wa zege, zege la saruji, upana inchi kumi na tatu. Anayepita ni mgonjwa. Anayekwama ana afya, arudi nyumbani akalitumikie taifa. Juu yake kuna jiwe la marumaru linaloonyesha nani aliufungua na tarehe gani.

“Mlango haujui mtu,” mlinzi akatuambia. Alikuwa anajivunia mno. “Hauli rushwa. Haulali. Jana ulimrudisha mbunge.”

Kizito alikuwa kijivu. Jasho lilikuwa linamtoka saa tatu ya asubuhi yenye baridi. Nikamwambia: “Pita ubavu, mwanangu. Vuta pumzi.”

Akatanguliza mkono wa kushoto, akafuatisha bega, mguu, na ubavu kidogo. Halafu akatoa pumzi. Hakupaswa kutoa pumzi. Mlango ukamshika barabara, nusu yake ya kushoto iko wodini, nusu ya kulia iko nje kwangu, na uso umegeukia kwangu.

“Ana afya,” mlinzi akasema.

“Hapana,” sauti ikatoka ndani. “Huku kuna mkono.”

Alikuwa ni daktari kijana, Daktari Mwijage, mwembamba mpaka koti lilikuwa linamvaa yeye. Kwa sheria ilivyo, chochote kilichopita mlangoni ni chake. Akaufunga ule mkono kitambaa, akapuliza. Akatazama kipimo. Akapuliza tena.

“Mia mbili na kumi kwa mia moja na thelathini,” akasema. “Huu mkono unaumwa sana.” Akachoma kidole, akaweka damu kwenye kimashine, kimashine kikaandika kwamba kimeshindwa kuhesabu.

Faili likafunguliwa pale pale. Jina: Mkono wa Kushoto wa Kizito. Umri: thelathini na tisa. Dini: Mkristo. Ukapewa kitanda namba kumi na nne, chenye neti, karibu na dirisha. Ukaombwa ukalale.

“Utakwendaje?” nikauliza.

“Hilo ndilo tunalolifanyia kazi, Mama,” akajibu Daktari, na sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kulia lakini hajapangiwa zamu.

*

Nusu ya nje nayo ilikuwa na wenyewe. Saa nne kamili kengele ya Wizara iligongwa, na msimamizi wake Kizito akaja mbio na boksi la chipsi, kwa sababu raia mwenye afya hawezi kurukishwa mlo, zitapungua inchi, ataulizwa yeye. Na mdomo, nimeshakwambia, ulikuwa upande wa nje.

“Msimlishe!” Daktari akapiga kelele kutoka ndani. “Mimi huku nimemtundikia dripu!”

“Umeutundikia mkono, Daktari. Mdomo si wako.”

Akamlisha. Kizito akatafuna polepole, macho yakinitazama. Ndani dawa inaingia tone kwa tone, nje mayonezi inapita kwa kijiko. Mlo wa saa saba ulipokwisha, mlinzi aliingiza kidole kati ya tumbo na nguzo akasema asubuhi kidole kilikuwa kinapita, sasa hakipiti.

Nikauliza kama hawawezi kumpaka mafuta ya kula ateleze. Wakasema mafuta ni dawa, yanahitaji cheti. Nikauliza kama haiwezekani kubomoa nguzo moja. Wakanionyesha lile jiwe la marumaru. Aliyeufungua mlango ni Waziri, na kubomoa ni kumfungia Waziri alichokifungua.

Akaja Katibu wa Wizara, mtu wa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji. Akasoma kanuni zote kwa sauti. Akasema jambo ni rahisi. Mtu ni wa upande ambako moyo wake uko. Moyo ukiwa ndani, mtu mzima ni mgonjwa, Wizara italeta nyundo. Moyo ukiwa nje, mtu mzima ana afya, atavutwa nje na kurudi ofisini, ana mafaili yanamsubiri.

“Daktari, moyo uko wapi?”

“Katikati ya kifua, umeegemea kushoto kidogo.”

“Kidogo inchi ngapi?”

Wakatafuta utepe. Tepe zote za serikali zilikuwa zimeenda kwenye zoezi la wilaya. Katibu akapekua daftari lake, akainua miwani.

“Kuna fundi anayetambulika mtaa wa Mkunguni.”

“Ni mimi, baba,” nikasema.

“Ahaa. Bibi, tusaidie. Pima bila upendeleo.”

Basi nikautoa utepe wangu kwenye khanga. Nikapima kuanzia kwapa la kulia mpaka penye nguzo. Mikono imeshapima watu elfu, lakini siku hiyo namba zilikuwa zinakimbia. Nikapima mara ya pili. Chini ya vidole nikausikia moyo wa mwanangu. Haukuwa unapiga, ulikuwa unajikwaa. Unapiga mara mbili, unasimama kufikiri, unapiga mara tatu za haraka kama mtu aliyechelewa.

“Nguzo imepita juu yake,” nikasema. “Moyo uko mpakani.”

Kanuni haikuwa na kifungu cha mpakani. Katibu akashusha miwani ya kwenye paji akaivaa juu ya ile nyingine, akasema itabidi iundwe kamati, wajumbe sita wa ndani na sita wa nje, na wa nje hawataweza kuingia ndani, kwa hiyo watakutana mlangoni, na mlangoni kuna mtu.

*

Saa tisa Waziri mwenyewe akaja. Lilitoka tumbo, ikafuata tai, akatoka yeye. Wakaja na wapiga picha. Alizunguka nusu ya mwanangu, akaipigapiga begani.

“Ndugu wananchi,” akasema, ingawa tulikuwa watu tisa. “Mnayemwona hapa si mtu aliyekwama. Ni mtu aliyefika! Nchi gani nyingine imewahi kutoa raia mwenye afya na ugonjwa kwa wakati mmoja, chini ya mlango mmoja, bila vurugu? Na mlango umesimama imara! Hongereni wahandisi!”

Tukapiga makofi. Nami nilipiga, mikono ilijipigia yenyewe.

Katibu akamnong'oneza kwamba imebaki fomu moja tu ya kufunga taarifa, na ndani yake kuna mstari mmoja haujajazwa: Mhusika anataka nini.

“Andika anataka kuendelea kulitumikia taifa,” akasema Waziri.

“Anataka kulazwa!” Daktari akasema kutoka ndani. “Anataka oksijeni, anataka sindano, anataka kitanda namba kumi na nne!”

“Huo ni mkono unaoyataka hayo,” msimamizi akasema, na boksi la saa tisa lilikuwa tayari kwenye kiganja. “Mhusika huku nje anataka mlo wake upoe kidogo.”

“Andikeni anataka kurudi nyumbani na mama yake,” nikasema mimi, maana mimi ndiye niliyemzaa, na niliona najua.

Katibu akayaandika yote, akakosa nafasi, akaanza kupunguza herufi. Walikuwa wanabishana kama “kulitumikia” ni neno moja au mawili. Midomo ya Kizito ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Akainua mkono wake wa kulia, ule wenye afya, akausukuma taratibu mkono wa msimamizi na boksi lake. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama karibu yake kuliko wote, utepe bado uko shingoni mwangu.

“Mama,” akasema, na ikabidi asubiri pumzi ije. “Mwaka mzima huu nilitaka mtu mmoja tu aniulize naumwa wapi.”